Kisanduku cha Mtoto Ni cha Nani?

Jioni moja, sala ya jumuiya ilipokwisha na watu wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni, mama mmoja wa mtaa wetu hapa Mwanza alibaki nyuma. Ni mama mwenye kuuza karanga za kukaanga karibu na kituo cha magari, mchana kutwa, jua na mvua. Akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu. Nina neno linanikera moyoni, wala sitaki kulipeleka kwa Padre kabla sijajua kama ni dhambi au ni maneno ya watu tu."

Neno lenyewe ni hili. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 10, amejifunza kukunja visanduku vya karatasi, na mama huvitumia kutilia karanga zake. Kila jioni, baada ya masomo, mtoto huketi mkekani akakunja visanduku thelathini, pengine arobaini. Jirani mmoja alipoona hayo alimwambia mama kwamba amemgeuza mtoto kuwa kibarua. Mama mkwe wake alipopata habari alicheka, akasema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sembuse mwana wa nyumba? Basi mama wa watu amekaa katikati ya maneno hayo mawili, hajui aegemee wapi. "Sasa, Mwalimu," akaniuliza, "kazi ile ni malezi, au ninamwibia mtoto?"

Nilimwomba siku chache nifikiri. Leo nalijibu swali lake hadharani, kwa idhini yake, maana nyumba zenye swali hilo si moja wala kumi. Tangu tarehe 1 Juni 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara, karatasi imerudi kwa nguvu katika biashara ndogo ndogo. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametangulia, tarehe 28 Agosti 2017. Kisha ikaja Machi 2020, shule zote zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kwa wanafunzi walio wengi hazikufunguliwa tena hadi tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu kila sebule ikawa darasa, na wazazi ambao hawakupata kushika chaki maishani wakajiona wana wanafunzi wanne mbele yao, wanawatazama, wanangoja kuambiwa la kufanya. Wengi tuligundua siku zile kwamba hatujui kumfundisha mtoto kitu chochote isipokuwa kumwamuru asome. Katika nyumba kadha wa kadha, mikunjo ya karatasi ilianza hapo, kama mchezo wa kupitisha mchana.

Wala tusidhani kwamba kufunga bidhaa kwa kitu kilichokunjwa kwa mkono ni jambo geni kwetu. Ng'ambo ya ziwa, kule Bukoba, kahawa ya kutafuna imefungwa tangu zamani katika magamba makavu ya mgomba, vifurushi vidogo vya nadhifu ambavyo mwenyeji humkaribishia mgeni kabla ya neno lolote. Watu wa pwani wana pakacha lao, lisukwalo kwa makuti mabichi wakati ule ule linapohitajika. Vitu hivyo vilifanya kazi yake vikaoza, udongo ukavipokea. Mifuko ya plastiki ilipokuja ilivifanya vyote hivyo vionekane ni ushamba. Malipo yake tumeyaona. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wataalamu walionunua sangara na sato sokoni hapa hapa Mwanza, wakawapasua matumbo. Wakakuta chembe za plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa aina zote mbili. Samaki ambaye mama alimfunga katika mfuko alikuwa amekwisha kuumeza mfuko mwingine. Kwa hiyo siwezi kuidharau kazi ya mtoto yule mkekani hata kabla sijajua kama ni halali. Kitu anachokifanya chahitajika kweli.

Niliomba nioneshwe. Mtoto alitwaa karatasi ya mraba, akaikunja katikati mara mbili ili apate msalaba wa mistari, akaifungua. Akazileta kona zote nne zikutane katikati, akapata mraba mdogo zaidi. Akakunja pande mbili zinazoelekeana hadi mstari wa katikati, akazifungua. Na pande mbili nyingine vivyo hivyo, akazifungua. Kisha akafungua kona mbili zinazotazamana, akasimamisha kuta mbili, akazisukuma pembe kwa ndani kwa vidole vyake vya gumba, akazikunja zile kona ndefu kupita juu ya ukuta na kushuka sakafuni, mpaka ncha zote nne zikakutana katikati ya sakafu kama zilivyokutana mwanzo. Hapana gundi, hapana uzi, hapana pini. Kazi ya dakika tatu. Kifuniko ni kisanduku kingine kama hicho, ila mraba wake uwe umezidi kwa nusu sentimita hivi.

Mkunjo huu Wajapani huuita masu, kwa jina la kisanduku cha mbao walichopimia mchele tangu zamani. Kwao kipimo kimoja cha mchele, kiitwacho go, ni kama mililita 180. Chukua karatasi ya mraba wa sentimita 20 uikunje: sakafu ya kisanduku itakuwa sentimita 7 na kidogo kila upande, kimo chake nusu ya hiyo, yaani sentimita 3 na nusu, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 177 hivi. Ni karibu sana na kipimo kile cha mchele. Sisi nasi tulikuwa na kibaba chetu, na kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne, na kila mtoto alijua tofauti zake kabla ya kujua kuandika jina lake. Nawaomba wazazi wakumbuke kwamba kisanduku, tangu asili yake, ni kipimo. Nitalirudia jambo hili, maana ndipo shida kubwa ya mama yule ilipokuwa, ingawa mwanzoni hakunieleza.

Hesabu zilizomo humo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Mwulize mtoto: ukiongeza ubavu wa karatasi mara mbili, kisanduku kitachukua karanga mara ngapi? Karibu wote hujibu mara mbili. Wachache wajanja husema mara nne, kwa kuwa karatasi iliyotumika ni mara nne. Kisha waache wapime kwa mtama au mchanga wa ziwani. Ni mara nane. Nimewaona watoto wakirudia kupima mara tatu kwa kudhani wamepotoka. Ukweli ambao mtoto ameukataa mara tatu na kuupata mara ya nne hausahau tena.

Sasa nirudi kwenye swali. Wako wanaosema: sawa, afundishwe kukunja, lakini iwe kwa kujifurahisha tu, bila faida yoyote, kwa kuwa faida huchafua malezi. Neno hilo si la kijinga. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliweka ukunjaji wa karatasi miongoni mwa shughuli za watoto wake, naye alitaka mtoto aone mpangilio na uzuri kwa vidole vyake, si kwamba apate senti. Shule za chekechea ulimwenguni kote zimemfuata, na jambo hilo ni jema. Ila nimetembelea madarasa ambayo kuta zake zimejaa kazi za mikono za watoto, zimebandikwa, zimepewa alama, nikajiuliza: Je, ni nani atakayezihitaji kesho? Mwisho wa muhula hutupwa, na mtoto huziona zikitupwa. Amefundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba kazi ya mikono yake ni ya kusifiwa tu.

Kitu chenye kufaa humfundisha mtoto kwa njia nyingine. Kisanduku kilichokunjwa kwa uvivu humwaga karanga njiani, mwenye kukinunua akarudi kulalamika, na hapo hakuna mama wa kusema "Umejitahidi, mwanangu." Karatasi yenyewe imesema. Na kisanduku kilichokunjwa vizuri humpa mtoto furaha isiyotoka mdomoni mwa mtu mzima: kuna mtu asiyemjua, mvuvi labda au kondakta, ambaye siku yake imepata wepesi kidogo kwa sababu ya vidole vya mtoto huyo. Baba Mtakatifu Paulo VI, alipofika Nazareti tarehe 5 Januari 1964, alisema kwamba nyumba ile ni shule, na moja ya masomo yake ni kazi. Mtoto Yesu hakucheza useremala. Hapana shaka majembe na milango iliyotoka katika karakana ya Yosefu ilifunguliwa na kushikwa na watu waliokuwa wamelipa, wakitaka kitu kitakachodumu. Kwa hiyo sioni kwamba faida kwa nafsi yake huchafua malezi. Mimi ningesema zaidi: mtoto asiyepata kamwe kufanya kitu kinachohitajika na mtu mwingine amenyimwa sehemu ya malezi yake.

Hapo mama mkwe ameshinda nusu ya kesi. Lakini nusu tu.

Nilipomweleza mama haya alinyamaza, kisha akasema kuna jambo la pili. Mwanzoni mwa mwezi karanga zilipanda bei, naye akalalamika mbele ya watoto kwamba gunia sasa halilipi. Siku mbili baadaye mwanawe akamletea kisanduku kipya kwa furaha nyingi. Kwa nje kilikuwa kile kile. Ndani, mtoto alikuwa ametia karatasi nyingine iliyokunjwa kama kijimeza kidogo, ikaiinua sakafu kwa kiasi cha sentimita moja. "Mama, tazama, kinajaa upesi!" Mama alicheka, akambusu. Akaviuza vile siku mbili. Siku ya tatu hakupata usingizi.

Ndugu wasomaji, hebu tufanye hesabu yake. Kisanduku chenye kimo cha sentimita 3 na nusu, kikiinuliwa sakafu kwa sentimita moja, hupoteza zaidi ya robo ya ujazo wake. Kila visanduku vinne vikiuzwa, karanga za kisanduku kimoja kizima na zaidi hubaki kapuni. Mnunuzi haoni kitu, maana juu pamejaa hadi ukingoni. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliokuwa wakingoja Sabato ipite ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Naye hakuwa na haja ya kueleza namna walivyofanya, kwa kuwa kila msikilizaji alijua. Sisi nasi twajua. Wakulima wetu wamelia miaka mingi juu ya lumbesa, gunia linaloshindiliwa na kushonewa kilemba juu ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ya gunia moja, na Wakala wa Vipimo wamelipiga vita. Sakafu ya uongo ni lumbesa iliyogeuzwa chini juu. Huko mwenye nguvu hushindilia cha mnyonge. Huku mnyonge hupunguza cha mnyonge mwenzake.

Je, mtoto alitenda dhambi? Nasema hapana. Alimwona mama yake ana shida, akamtafutia dawa kwa ufundi alionao. Upendo wake ni wa kweli na akili yake ni ya kusifiwa. Lakini hapa ndipo tunaona hatari ya kumfundisha mtoto mkono peke yake. Tulimfundisha kukunja, tukamfundisha kupima, hatukumfundisha kwamba kipimo ni ahadi. Busu lile la mama lilikuwa fundisho la kwanza alilolipata juu ya Amri ya Saba tangu aanze kazi, nalo lilikuwa fundisho baya. Mama aliposema hivyo mwenyewe, kwa maneno machache kuliko yangu, alitokwa na machozi. Sikuwa na haja ya kumhubiri.

Alichohitaji ni njia, si kelele. Gunia kweli halilipi. Basi tukaketi na mtoto, tukamwuliza: kama hatutaki sakafu ya pili, tufanye nini? Akafikiri, akasema tupunguze karatasi. Tukapima. Mraba wa sentimita 18 badala ya 20 hutoa kisanduku chenye ujazo wa sentimita 129 hivi badala ya 177. Upungufu wake ni zaidi ya robo kidogo, karibu sawasawa na ule wa sakafu ya uongo! Faida ile ile kwa mama, na karatasi imebanwa pia. Tofauti ni moja tu, kwamba mnunuzi ana kisanduku kidogo mkononi mwake, akitaka atakilinganisha na cha jana, akitaka atakwenda kwa muuzaji wa pili.

Najua msomaji mwenye macho atanibishia. Atasema: tofauti ya sentimita mbili za karatasi ni nani ataiona? Na viwanda vikubwa vinavyopunguza mche wa sabuni huku bei na rangi zikibaki vile vile, si ndivyo vinavyojitetea, kwamba uzito umeandikwa pale pembeni kwa herufi za sisimizi? Pingamizi hilo lina haki yake, wala sitalikwepa. Kupunguza kipimo si udanganyifu. Kukipunguza kwa kutumaini kwamba hakuna atakayejua, hapo nia imekwisha kuvuka mto. Kwa sababu hiyo nilimwambia mama aseme. Si lazima apige mbiu, yatosha kwamba wateja wake wa kila siku wakifika awaambie, "Karanga zimepanda, visanduku vimekuwa vidogo." Wawili watatu watamwacha. Waliobaki watajua wanachonunua.

Kuhusu zile siku mbili, mafundisho ya Kanisa yako wazi: kilichotwaliwa hurudishwa, wala toba haitoshi mahali penye deni. Wanunuzi wa njiani hatuwezi kuwatafuta mmoja mmoja. Lakini soko letu lina desturi nzuri ya nyongeza. Mteja husema "Niongeze," na muuzaji huongeza kiganja. Mama aliamua kwamba kwa siku mbili atawaongezea wote, hata wasioomba, na mtoto awe pale mmoja wa mchana huo, Jumamosi, akitia nyongeza kwa mkono wake. Walio maskini kabisa wataelewa gharama ya uamuzi huo kuliko mimi niandikaye.

Tumebakiwa na neno la jirani. Je, mtoto ni kibarua?

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliwaonya wenye viwanda wasiwatie watoto kazini kabla miili na akili zao hazijakomaa, akilinganisha na machipukizi machanga yanayoharibiwa na hali kali ya hewa. Lakini kabla yake, mtu mmoja alikuwa amekwisha kulipeleka jambo hilo mezani na kuliandikia hati. Mtakatifu Yohane Bosco, kule Torino, aliwaona vijana wadogo waliokuja mjini kujifunza kazi wakifanywa watumwa wa mabwana zao. Katika miaka ya mwanzo ya 1850 akaanza kuwafanyia mikataba: bwana amfundishe kijana ufundi aliokubaliwa, asimpe kazi nyingine zisizo za ufundi huo, amwachie siku za sikukuu apumzike, asimpige. Kisha akafungua karakana zake mwenyewe, ya viatu na ya ushonaji mwaka 1853, na ya kujalidi vitabu mwaka 1854. Tazama aliyokataa na aliyokubali. Hakukataa kazi, wala hakukataa kazi yenye malipo. Alikataa kwamba kijana awe wa kutumiwa bila kikomo.

Sheria ya nchi yetu yaenda njia iyo hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, yakataza kazi za kinyonyaji, na yakataza kazi za usiku, tangu saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi. Mtu atasema, lakini yule hakuajiriwa, amsaidia mama yake. Ni kweli. Lakini mzazi mwema asiridhike na kuuliza kama polisi watakuja. Ajiulize maswali ambayo Don Bosco angemwuliza.

Nilimwuliza mama: Siku mtoto akisema amechoka, huwa unafanya nini? Akajibu bila kusita, "Humwambia amalizie vilivyobaki." Nikauliza: Ni nani aliyepanga kwamba viwe thelathini? "Mimi." Na baada ya karanga kuuzwa, mtoto huambiwa nini? Hapo alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Haambiwi kitu. Fedha huingia katika kitambaa cha mama, hutoka kuwa unga na mafuta ya taa na ada ya mtihani, naye mtoto hula ule unga bila kujua kwamba amechangia.

Kwa maoni yangu, na wenye elimu ya juu wanisahihishe, hapo ndipo kazi ya mtoto inapogeuka. Haigeuki kwa kuwa fedha imepatikana. Inageuka mtoto anapokuwa kidole tu, hana neno juu ya kiasi wala habari juu ya matunda. Mtumwa wa zamani naye alikula chakula cha bwana wake. Mwana hutofautiana naye kwa kuwa anajua mambo ya nyumba. Bwana wetu alipowaambia mitume kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki, sababu aliyoitoa ni kwamba amewajulisha mambo. Mtumwa hajui atendalo bwana wake.

Simlaumu mama huyu, na jirani yake namwomba apunguze ukali. Mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi humwambia kwa urahisi muuza karanga kwamba amwache mtoto acheze. Kama visanduku vile thelathini ndivyo vinavyotenganisha nyumba hiyo na kulala njaa, basi dhambi, ikiwa ipo, imekaa mbali na mkeka ule, nasi wengine wa jumuiya hiyo hiyo twapaswa kuitafuta kwetu kwanza. Kabla ya kumhukumu, mmoja wetu angeweza kukunja kumi. (Nimejaribu. Visanduku vyangu vilikuwa na pembe zilizopanuka, na mtoto alivikataa kwa adabu nyingi.)

Tulikubaliana hivi. Mtoto atapanga mwenyewe idadi ya jioni, mama ataomba tu. Giza likiingia kazi imekwisha, hata kikibaki kimoja. Dominika hapana kukunja. Kila Jumamosi jioni mama atafungua kitambaa mbele yake, wahesabu pamoja: hiki ni mtaji, hiki ni unga, hiki ni chako. Kilicho chake ni kidogo sana, shilingi mia mbili tatu, lakini hakitaingia tena katika kapu la nyumba bila yeye kukitoa. Mtoto alipoulizwa atafanyia nini fedha yake, alisema hajui. Ni jibu zuri. Dada yake mdogo, aliye katika Utoto Mtakatifu pale parokiani, alimkumbusha kwamba wanahitaji kisanduku cha kutilia sadaka zao. Chama kile, kilichoanzishwa na Askofu Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, mwaka 1843, huwataka watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na senti kidogo. Kwa hiyo kisanduku chake ni cha lazima. Kaka akamkunjia kikubwa cha karatasi ya manila, chenye kifuniko na tundu. Hakumtoza. Sikumsikia mtu yeyote akimwambia asimtoze.

Yako mambo madogo ambayo wazazi wengine wameniuliza, niyapitie upesi. Karatasi iliyochapwa, hasa gazeti, isiguse chakula chenye mafuta. Wino wake una vitu visivyofaa mwilini, na mwaka 2016 mamlaka ya chakula ya India iliwaonya wananchi wake juu ya desturi hiyo hiyo. Ndani iwekwe karatasi safi, iliyolala bapa sakafuni, isiyo kijimeza! Kalenda za zamani ni ngumu na hufaa sana kwa vifuniko. Ila wengi huuliza juu ya kalenda za parokia zenye picha ya Bikira Maria au ya Baba Askofu, kama ni vibaya kuzikunja ziwe za karanga. Picha ikiwa imebarikiwa, ichomwe au izikwe kwa heshima kama ilivyo desturi. Isiyobarikiwa si dhambi, lakini mimi sitapenda kuuona uso wa Mama wa Mungu umekanyagwa kituoni; tumieni ule upande wa tarehe.

Juma lililopita mama alinitumia mtoto mwenyewe na kisanduku cha karanga. Alisimama mlangoni akaniamkia, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Ni kile cha sentimita 18. Nilipokwisha kula nilitoa ile karatasi safi ya ndani, nikatia kidole: sakafu moja, na ncha nne zimekutana katikati. Ubavuni, kwa kuwa karatasi yenyewe ilikuwa ya daftari lake la mwaka uliopita, palisomeka hesabu ya kugawanya iliyokatikia njiani, na juu yake kalamu nyekundu ya mwalimu imeandika: rudia. Nikamwuliza kama aliirudia. Akasema aliirudia ukurasa wa pili, ila ukurasa huo alikwisha kumwuzia kondakta mmoja wa gari la Igoma.